Liverpool Ilivyojifunza Kumjengea Kuli Nyumba

Katika ripoti yake ya mwaka 1842 kuhusu afya ya watu wa kazi nchini Uingereza, Edwin Chadwick aliweka hesabu za mji wa Liverpool ambazo hadi leo zinauma kuzisoma. Watu wa tabaka la juu walikuwa wakifa kwa wastani wa miaka 35. Wenye maduka na biashara, miaka 22. Vibarua, mafundi na watumishi wa majumbani, miaka 15. Si kwamba kila kuli alikufa angali kijana. Watoto wachanga wa makuli walikuwa wakizikwa kwa wingi kiasi cha kuuvuta chini wastani wa tabaka zima.

Na Liverpool haukuwa mji maskini. Bandari yake ilineemeka kwa biashara ya watumwa hadi ilipopigwa marufuku mwaka 1807, kisha ikaneemeka zaidi kwa pamba. Mwaka 1801 wakazi walikuwa karibu elfu 78. Nusu karne baadaye walikuwa wamepita 370,000. Waliopakia na kupakua hizo mali waliajiriwa kwa nusu siku. Kuli aliamka alfajiri akasimama na wenzake mbele ya msimamizi, aliyekosa akarudi mchana kujaribu tena. Mtu wa riziki ya namna hiyo hawezi kupanga mbali na gati, na wenye viwanja walilijua hilo vizuri. Walijenga kwa kubana.

Msomaji aliyekulia Kariakoo au Pumwani anaijua nyumba ya wapangaji, vyumba vimezunguka ua mmoja, choo kimoja, bomba moja. Achukue ua huo aufinye uwe kichochoro cha hatua chache, aupandishie nyumba za ghorofa tatu pande zote mbili, kila moja imeegemea mgongo wa nyumba nyingine hivi kwamba haina dirisha la nyuma, kisha aondoe jua. Hapo ataziona nyua za Liverpool. Daktari William Henry Duncan, mzaliwa wa mji huohuo, alizihesabu mwanzoni mwa miaka ya 1840 na kukuta watu zaidi ya elfu 55 wanaishi humo. Wengine elfu 20 na zaidi waliishi katika vyumba vya chini ya ardhi, ambako maji machafu yalichuruzika ukutani.

Wakazi wenyewe hawakukaa wakisubiri. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1832, Kitty Wilkinson, mwanamke mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akiishi kwa kazi za mikono, aliwafungulia majirani jiko lake wachemshie nguo na matandiko ya wagonjwa. Kwa juhudi hizo, mwaka 1842 likafunguliwa Frederick Street jengo la umma la kufulia na kuoga, la kwanza la aina yake nchini, na baadaye yeye na mumewe wakakabidhiwa usimamizi wake. Natamani jina lake lingetajwa kila yanapotajwa majina ya madaktari na wahandisi.

Halmashauri ya mji ilisukumwa zaidi na hofu. Mwaka 1846 ilipata sheria yake ya usafi, na tarehe 1 Januari 1847 Duncan akaanza kazi kama daktari wa afya wa mji, wa kwanza kushika cheo hicho Uingereza nzima. Mwaka huohuo njaa ya viazi iliwatupa bandarini Waairishi wapatao laki tatu. Wengi waliendelea na safari kwenda Marekani au miji mingine. Waliokosa nauli walibaki, wakajaa katika vyumba vya chini ya ardhi. Tifasi, homa inayoenezwa na chawa, iliua maelfu. Mapadre kumi wa Kikatoliki waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa walikufa pia.

Duncan na mhandisi James Newlands wakaanza na kilichowezekana. Newlands alichora mfumo wa majitaka wa mji mzima na kuanza kuujenga mwaka 1848. Mabwana afya wakaanza kuwafukuza watu kutoka vyumba vya chini. Hapo ndipo lilipojitokeza swali ambalo sheria haikuwa na jibu lake: aliyefukuzwa aende wapi? Alihamia ua wa jirani, chumba cha watu watano kikawa cha watu tisa. Sheria nyingine ya mwaka 1864 iliipa halmashauri uwezo wa kununua nyua mbovu na kuzibomoa, na msongamano ukahama tena mtaa hadi mtaa.

Mwaka 1869, katika mtaa wa Vauxhall, halmashauri ikafanya jambo ambalo mara nyingi huhesabiwa kuwa la kwanza la aina yake Uingereza. Ilijenga nyumba kwa fedha zake na kuzipangisha yenyewe. St Martin's Cottages yalikuwa majengo ya matofali ya ghorofa, yenye makao zaidi ya mia moja, ngazi zake ziko wazi kwa hewa na vyoo viko ngazini. Mtu wa leo angeyaona makavu na ya kijeshi. Kwa wakati ule, choo cha maji na dirisha pande mbili vilikuwa neema.

Lakini kuli hakuingia. Kodi ililipwa kila wiki, naye hakujua Jumatatu kama Jumamosi atakuwa na kitu. Walioingia ni mafundi na watu wenye ajira ya kudumu. Mwaka 1885 ukafuata mradi mkubwa zaidi, Victoria Square, makao takriban 270 yaliyozunguka uwanja mpana, na kodi ikabaki mlango uleule uliofungwa. Hali haikuwa ya Liverpool peke yake. London ilipobomoa mtaa wa Old Nichol miaka ya 1890 na kujenga Boundary Estate, waliohamishwa walikuwa watu 5,719. Waliorudi kupanga katika majengo mapya wanatajwa kuwa 11.

Kilichoipa Liverpool sifa ya pekee, kwa maoni yangu, ni uamuzi wake wa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1890 kuliko hata majengo ya 1869. Halmashauri iliamua kwamba nyumba itakazojenga zitapangishwa kwa wale waliobomolewa. Uamuzi huo uligeuza hesabu zote. Badala ya kujenga kwanza kisha kutafuta wa kumudu kodi, ilibidi waanze na pato la kuli na kurudi nyuma hadi kwenye ukubwa wa chumba na bei ya tofali. Walipa kodi za mji walilalamika kwamba wanabebeshwa mzigo, maana kodi za pango za namna hiyo hazikurudisha gharama. Waliobomolewa wakajengewa hivyohivyo.

Hamu ya kupunguza gharama ndiyo iliyomfikisha mhandisi wa jiji, John Brodie, kwenye jaribio la Eldon Street mwaka 1905. Aliunda jengo la ghorofa kwa vipande vya zege vilivyosubiwa kwingine na kuja kuunganishwa pale pale, na ndani ya zege hilo akachanganya masalia ya takataka zilizochomwa katika matanuri ya jiji. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Liverpool ilikuwa na karibu makao 2,900 ya halmashauri, wakati Uingereza yote ilikuwa na kama 24,000 tu.

Baada ya vita, sheria ya nyumba ya waziri Christopher Addison ya mwaka 1919 ilileta fedha za serikali kuu, na nyumba zikapanuka: vyumba vitatu vya kulala, bafu, bustani mbele na nyuma. Familia zilizohamia mtaa mpya wa Norris Green zilipata hewa ambayo babu zao hawakuijua. Lakini mtaa huo ulikuwa maili kadhaa kutoka gatini, nauli ya tramu ililipwa kila siku, na kodi ilipanda pamoja na ukubwa wa nyumba. Waliofaidika wakawa tena wenye mishahara ya uhakika. Ni sheria ya mwaka 1930 iliyowarudisha wajenzi katikati ya mji, kwa sababu ruzuku yake ilihesabiwa kwa kila mtu aliyetolewa katika nyumba mbovu na kupewa nyingine. Chini ya Lancelot Keay, mkurugenzi wa nyumba wa jiji, yakainuka magorofa kama St Andrew's Gardens, yaliyomalizika mwaka 1935 kwa umbo la duara, yakiwa na mabaraza marefu yanayotazama uwanja wa ndani.

St Martin's Cottages ilibomolewa mwaka 1977. Sehemu ya duara la St Andrew's Gardens bado imesimama na imefanyiwa ukarabati mzuri. Wapangaji wake siku hizi ni wanafunzi wa vyuo vikuu.