Usambara na Sauti za Mbali

Richard Burton na John Speke walipopanda kutoka bonde la mto Pangani hadi Vuga katika milima ya Usambara mwaka 1857, walimkuta mfalme Kimweri ye Nyumbai ameshakuwa mzee na mgonjwa. Wageni walitaka kujua njia, mito na nguvu za ufalme wake. Mfalme naye alikuwa na haja yake. Alisikia kwamba miongoni mwao yupo mganga wa Kizungu, akataka dawa ya kumrudishia afya na ujana. Dawa hiyo hawakuwa nayo. Mwaka 1862 Kimweri alifariki, na miaka si mingi baadaye watoto na wajukuu wake wakaingia vitani kugombea urithi.

Kisa hiki kinafaa kukumbukwa sasa, wakati simu ya video inapoanza kuwafikisha watu wa mbali katika madarasa ya vijijini. Wengi huizungumzia simu hiyo kana kwamba ndiyo imewafungulia watu wa milimani mlango wa dunia. Mlango huo ulifunguka zamani. Dunia imekuwa ikipanda Usambara kwa karibu miaka mia mbili, na kila aliyepanda alikuja na maswali na maagizo yake. Kitu ambacho mtu wa Lushoto, Mlalo au Bumbuli alikipata kwa nadra ni nafasi ya kumuuliza mgeni swali na kujibiwa papo hapo.

Kabla ya Burton alishapita Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi chini ya shirika la kimisionari la Waingereza la CMS huko Rabai, karibu na Mombasa. Alifika kwa Kimweri mwaka 1848, akarudi 1852, akiomba mahali pa kufundishia. Alipokelewa vizuri, ila shule haikupatikana wakati wake. Mwaka 1867 alikuja Alington wa UMCA, misheni ya Waanglikana iliyokuwa na makao Unguja, na kutokana na safari yake kituo kikaanzishwa Magila, chini ya Usambara Mashariki, katika Muheza ya leo.

Magila inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa hapo ndipo darasa la Usambara lilipoanza kuzungumza na madarasa ya mbali. Walimu Waafrika waliosomeshwa katika chuo cha Kiungani, Unguja, walitumwa Magila, Masasi, Newala na hadi ziwa Nyasa. Mwaka 1888 Kiungani ikaanza kuchapa gazeti dogo la Kiswahili, Msimulizi, lililowaunganisha walimu hao. Waliandika wenyewe habari za vituo vyao, za safari na za shule, na mwalimu wa Magila akasoma mambo ya mwenzake wa Masasi aliyekuwa mbali naye kwa majuma ya safari. Baadaye Magila nayo ikawa na gazeti lake, Habari za Mwezi. Jibu lilichelewa miezi, lakini lilikuja, tena lilitoka kwa mtu aliyelijua swali kwa sababu naye alishika chaki.

Mitambo ya Magila ndiyo pia iliyotoa Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, kwa sehemu tatu kati ya 1895 na 1907. Abdallah alikuwa mtu wa pwani aliyeishi na kufanya kazi na watawala wa Usambara, na aliyoyasikia kwao kuhusu Mbegha, mwanzilishi wa ufalme huo, na uzao wake aliyaandika kwa Kiswahili. Mpaka leo atakayetaka kuijua historia ya milima hii hawezi kukipita kitabu hicho.

Wajerumani walipanda kwa nguvu zaidi. Misheni ya Bethel ilianza Mlalo mwaka 1891, ikafungua Vuga 1895, na huko Vuga likakua shirika la uchapaji. Lushoto ikaitwa Wilhelmstal. Reli kutoka Tanga ikafika Mombo mwaka 1905. Shule ya serikali ya Tanga nayo ikachapa Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililosomwa na walimu, makarani na maakida hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipolikata. Humo pia wasomaji waliandika barua, wakajibizana.

Wakati huohuo mambo mengi ya Usambara yalikuwa yakisafiri kwenda nje bila watu wake. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani, alipeleka kwao mbegu za ua dogo la zambarau lililoota kwenye miamba ya msituni. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland alilipa jina la Saintpaulia, na leo limo madirishani mwa nyumba Ulaya na Marekani nzima. Taasisi ya utafiti ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1902, ilikusanya mimea, ikaitambua, ikaiandikia vitabu. Watoto wa vijiji vya jirani waliyaona magari na mizigo. Nani aliwaeleza kilichokuwa kinatafutwa?

Utawala wa Waingereza uliofuata ulitoa mfano mchungu zaidi wa sauti isiyosikiliza. Kuanzia 1946, kwanza katika bonde la Mlalo, wakulima waliamriwa kulima kwa matuta ya kuzuia mmomonyoko, kwa sheria na faini. Hoja ya kulinda udongo ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini wataalamu hawakuwauliza wakulima, hasa wanawake waliobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, muda na nguvu za kuchimba matuta hayo zingetoka wapi. Upinzani ukawa mkali, na kabla ya uhuru mpango ukaachwa. Mwanahistoria Steven Feierman ameieleza habari hiyo kwa kina katika kitabu chake cha 1990 kuhusu wakulima wenye fikra wa Usambara.

Kisha ikaja redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na mwaka 1965 ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio ilipita juu ya mabonde ambayo barabara ilishindwa, ikafika Mtae na Mlola kwa betri nne tu. Udhaifu wake ulijulikana mapema, kwamba inasema bila kusikia. Tanzania ililitafutia dawa jambo hilo, na dawa yenyewe ilikuwa ya busara. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi wakiwa na kijitabu, wakasikiliza kipindi pamoja, kisha kiongozi wa kikundi akafungua mjadala. Hapo wakaamua nani atachimba choo, nani atafyeka vichaka, mazalia ya mbu yaondolewe vipi. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu kwa maelfu. Kazi kubwa ilifanyika baada ya redio kuzimwa, na kila anayepanga somo la simu ya video angefaidika kuisoma kampeni ile.

Picha zilizokwenda na sauti zilichelewa sana. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini Bara ilisubiri hadi 1994. Mkutano wa video, ule wa watu kuonana na kusikizana kutoka miji tofauti, uliingia kwa mlango wa wakubwa: mwaka 2000 Dar es Salaam ilipata kituo cha mafunzo ya mbali kilichounganishwa na Benki ya Dunia, ambako maofisa waliketi mbele ya skrini kuwasikiliza wahadhiri wa nchi nyingine. Shule ya msingi haikuwa na nafasi hapo. Mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, ukifuatiwa na EASSy mwaka 2010, gharama zilianza kushuka, minara ikasogea vijijini, na nyaya za umeme vijijini zikaanza kupanda milima.

Huko nje, walimu walishaanza kuitumia Skype, iliyozaliwa mwaka 2003, kuunganisha madarasa. Mfano mmoja wa Afrika Mashariki unaojulikana uko Kakuma, kambi ya wakimbizi kaskazini-magharibi mwa Kenya. Mwaka 2015 mwalimu wa Ubelgiji, Koen Timmers, alituma huko kompyuta yake mwenyewe, akaanza kufundisha kwa video. Walimu wa nchi nyingi wakajiunga, wakipokezana masomo ya hisabati, Kiingereza na sayansi. Kakuma ilionyesha kwamba vumbi, joto na umeme wa sola havizuii somo. Ilionyesha pia kwamba bila mwalimu aliyesimama upande wa watoto, anayewajua kwa majina na kuwarudishia swali kwa lugha yao, skrini inabaki kuwa kitu cha kukodolea macho.

Mkoa wa Tanga, ambamo Usambara imo, ulipata jaribio la namna nyingine. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, kati ya 2017 na 2019, watoto karibu 3,000 wa vijiji zaidi ya 150 vya mkoa huo walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Zaidi ya asilimia 90 walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu, na tuzo ya dola milioni 10 wakagawana washindi wawili, Kitkit School na onebillion. Ni mafanikio ya kweli na yanastahili heshima. Hata hivyo kishikwambi kile kilifanya kazi peke yake bila mtandao. Mtoto akishangaa kwa nini mwezi unamfuata njiani, hakukuwa na mtu ndani yake wa kumjibu.

Mlipuko wa korona mwaka 2020 uliharakisha mengi. Shule zilifungwa katikati ya Machi na masomo yakarushwa kwa redio na televisheni. Mahakama ya Tanzania ikapanua usikilizaji wa mashauri kwa video, mahabusu akiwa gerezani na hakimu akiwa mahakamani. Lushoto haiko mbali na mabadiliko hayo, kwani Chuo cha Uongozi wa Mahakama kipo hapohapo mjini. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu. Hivyo kifaa chenye kamera kikawa mikononi mwa mwalimu wa shule ya kata bila yeye kukinunua.

Lakini kifaa bila bando ni kioo. Simu ya video hula megabaiti mamia kwa saa, na mara nyingi fedha hiyo hutoka mfukoni mwa mwalimu. Asubuhi za Juni na Julai ukungu hukaa Magamba na Shume hadi jua limepanda, na sola ikiwa ndiyo tegemeo, chaji huwa haba. Darasa la watoto 60 haliwezi kuona uso ulio kwenye skrini ya kiganja. Walio mbele wanaona, wa katikati wanasikia, wa nyuma wanasukumana. Projekta husaidia, na spika ya kuunganisha husaidia zaidi. Mtandao ukikwama, mwalimu mzoefu huzima picha na kuacha sauti, na somo linaendelea.

Sauti, kwa kweli, ndiyo yenye uzito. Karibu na mji wa Lushoto ipo shule ya wasioona ya Irente, na kwa wanafunzi wa namna hiyo skrini haina maana yoyote. Mgeni anayezungumza nao hulazimika kueleza kwa maneno kila kinachomzunguka: upana wa mto, baridi ya theluji, kelele za kituo cha treni. Ni maelezo ambayo wanafunzi wanaoona nao wangeyahitaji, kwa kuwa picha iliyoganda nusu haifundishi kitu.

Saa nazo zina siasa zake. Saa tatu asubuhi Lushoto, New York ni usiku wa manane, saa saba au saa nane. Kwa hiyo shule kama ya wasichana ya Mazinde Juu, iliyoanzishwa mwaka 1989 na padre Mbenediktini Damian Milliken kutoka jimbo la New York, haina saa ya masomo ya asubuhi inayolingana na ya Marekani. Ujerumani ni jirani kwa saa, kwani Berlin iko nyuma kwa saa mbili wakati wa baridi na moja wakati wa kiangazi. Uhusiano wa zamani wa makanisa ya Kilutheri ya Usambara na Ujerumani unapata hapo faida ambayo hakuna aliyeipanga. Jirani zaidi ni Dar es Salaam, Kigoma na Unguja, ambako saa ni ileile na lugha ni ileile. Mtoto wa Rangwi ambaye hajawahi kuiona bahari ana sababu nyingi za kuzungumza kwanza na mtoto wa Pangani anayeishi kando yake, tena bila mkalimani.

Yapo pia maswali ambayo Usambara inadai majibu yake. Feierman alifanya utafiti wake miaka ya 1960, akiwasikiliza wazee wa Kishambaa, na kitabu chake juu ya ufalme wao kilitoka Marekani mwaka 1974. Baadhi ya sampuli za mimea ya Amani zimehifadhiwa katika makabati ya Ulaya. Darasa la sita la Vuga lina haki ya kumwita mwanahistoria au mtunza makumbusho kwa video na kumwuliza: wazee wetu walikuambia nini, ua hili mlilichukua bonde gani, na je, tunaweza kuona karatasi yenyewe? Kipindi cha dakika 40 kinatosha maswali manane au kumi, ikiwa yameandikwa ubaoni tangu jana yake na kila mtoto anajua lipi ni lake.