Subaru WRX STI iliyotumika: Kagua haya kabla ya kulipa
Umeona STI inauzwa Dar na wewe upo Songea? Usitume hela kwa kuangalia picha tu. Nenda asubuhi, iwashwe injini ikiwa baridi. Moshi wa bluu ni oili inaungua, mara nyingi turbo au ringi zimechoka. Uliza mkanda wa taimingi: kwenye injini ya EJ20 hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni, hapo unatafuta injini nyingine. Breki nazo zijaribiwe, maana kurudi ni zaidi ya kilomita 900, na milima ya Njombe unaijua. Linganisha namba ya chasisi na kadi, angalia madeni ya faini za trafiki, kisha mhamishe umiliki TRA muuzaji akiwepo.