Taasisi ya Jiolojia ya Dodoma: Miaka Mia ya Kuisoma Ardhi ya Tanzania

Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, inayojulikana kwa ufupi kama GST, ilianzishwa mwaka 1925 ikiwa Idara ya Jiolojia ya serikali ya Tanganyika. Makao yake yakawa Dodoma, na hapo ndipo yalipo hadi leo. Kazi iliyokabidhiwa ilikuwa kuipima nchi nzima kwa macho na nyundo, kuchora ramani ya miamba yake, na kumwambia mwananchi, mkulima au mchimbaji, kilichomo chini ya miguu yake. Kila mtafutaji wa dhahabu nchini, mwenye kampuni na mwenye karai moja kwenye kijito cha Usambara, amekula matunda ya kazi hiyo, hata kama jina la idara hajawahi kulisikia.

Dhahabu ilitangulia idara. Wakati wa Wajerumani, mjiolojia Wilhelm Bornhardt alizunguka sehemu kubwa ya nchi kati ya 1895 na 1897, na kitabu alichokitoa mwaka 1900 kilikuwa msingi wa kwanza wa elimu ya miamba ya huku. Dhahabu ya Sekenke, katika mkoa wa Singida wa sasa, iligunduliwa mwaka 1907 na mgodi ukaanza miaka miwili baadaye. Vita vilipofunga njia za bahari, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora, na mwaka 1916 ikafuliwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo mbele ya mlima. Sarafu hizo sasa zinatafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima. Waingereza walipoichukua nchi, walirithi habari za madini zilizotawanyika huku na huko: mgodi mmoja hapa, uvumi wa mawe pale. Hapakuwa na mtu wa kuziunganisha.

Mtu huyo alikuja kuwa Edmund Teale, Mwaustralia aliyekuwa amekwisha kufanya kazi Msumbiji na Gold Coast, Ghana ya leo. Ndiye mkurugenzi wa kwanza, na haki imtendekee: bila subira yake idara ingebaki dawati la barua. Dodoma ilifaa kwa sababu Reli ya Kati ilipita hapo tangu enzi ya Wajerumani, na barabara kuu ya kutoka kaskazini kwenda kusini ilikatiza reli papo hapo. Mtaalamu angeweza kushuka na mizigo yake Tabora au Kilosa, kisha akaingia porini. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, mkavu na wenye vumbi, lakini mawe yaliyofika kutoka kila upande wa nchi yalipata kabati, maabara ya kuyachunguza, na mtu wa kuyaandikia jina.

Kazi ya porini ya miaka ile inastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ndiyo iliyoijenga idara. Mjiolojia alitoka na hema, dira, nyundo, kioo cha kukuzia na msururu wa wapagazi. Alitembea kwa mistari, akifuata mito, kwa sababu mto hukata ardhi na kuuanika mwamba. Penye dalili ya dhahabu, mchanga wa kitandani mwa mto ulitiwa kwenye karai pamoja na maji, ukatikiswa na kuzungushwa. Changarawe nyepesi zikamwagwa ukingoni, mchanga mweusi mzito ukabaki chini, na dhahabu, ambayo ni nzito kuliko yote hayo, ikajipanga mkiani kama ilikuwapo. Chembe zikihesabiwa kijito kwa kijito kuelekea juu, mahali zinapokoma ndipo panapodhaniwa mshipa mama umefichwa. Ni njia ile ile wanayoitumia wachimbaji wadogo leo, na wapenzi wa kusaka dhahabu kwa burudani huko Finland na Marekani huifanyia mashindano. Tofauti ya watu wa idara ni kwamba waliandika kila kitu: palipo na chembe, na palipokosekana pia. Mahali palipokosekana pamewaokoa watu wengi na gharama ya bure. Wapagazi, wapishi na wachimba mashimo walioifanya kazi hiyo iwezekane hawatajwi kwa majina katika ripoti, lakini hakuna hata karatasi moja ya ramani iliyokamilika bila mabega yao.

Jaribio kubwa la kwanza lilikuwa Lupa, upande wa Chunya. Dhahabu ya mtoni ilipatikana huko miaka ya 1920, na bei ya dhahabu ilipopanda baada ya Uingereza kuacha kuifungamanisha sarafu yake na dhahabu mwaka 1931, watu walimiminika. Wengine walikuwa wakulima waliofilisiwa na mdororo wa uchumi wa dunia. Penye uhaba wa maji mchanga ulipepetwa kwa upepo, vumbi likaondoka na dhahabu ikabaki. Leseni zilikuwa mikononi mwa Wazungu, huku maelfu ya Waafrika wakichimba kama vibarua. Jambo hilo lilileta manung'uniko ambayo vitabu vya wakati ule hupita juu yake haraka. Idara ilimtuma D. R. Grantham, na ripoti zake juu ya Lupa zilisaidia kuonyesha kwamba chini ya dhahabu ya mchangani ilikuwamo mishipa ya mwamba inayostahili mgodi wa kweli. Mgodi wa New Saza ulianza kazi mwaka 1939 na kuendelea hadi 1956. Kwa wasakaji wa Lupa, mtaalamu wa Dodoma alikuwa mtu wa kuaminiwa: alipima jiwe, akasema ukweli, na hakuwa na hisa katika shimo la mtu.

Grantham huyo huyo anakumbukwa zaidi kwa Kimondo cha Mbozi. Bonge hilo la chuma kutoka angani, lenye uzito wa takriban tani 16, lilitangazwa kwa ulimwengu mwaka 1930 na mpima ardhi W. H. Nott, ingawa lilikuwa pale karne nyingi kabla yake. Kimondo kilikuwa kimefukiwa kwa sehemu. Ukachimbwa mtaro kukizunguka, nguzo ya udongo ikaachwa chini yake, na ndivyo kinavyokaa hadi leo. Mwaka 1931 Grantham na mwenzake F. Oates walichapisha maelezo yake ya kisayansi, na jina la Tanganyika likaingia katika vitabu vya vimondo duniani. Ni fahari ambayo watu wa Dodoma hawachoki kuisimulia.

Mjiolojia G. M. Stockley ndiye kipenzi mwingine wa miaka hiyo. Aliandika juu ya jiolojia ya Unguja na Pemba mwaka 1928, kisha akaenda kusini hadi bonde la Ruhuhu kutafuta makaa ya mawe. Makaa aliyapata. Alipata pia mifupa ya wanyama walioishi zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Sidney Haughton wa Afrika Kusini alipoichunguza na kuitolea maelezo mwaka 1932, mmoja wa watambaazi hao aliitwa Stenaulorhynchus stockleyi kwa heshima yake. Idara iliyotumwa kutafuta kuni za viwanda ikarudi na kurasa za historia ya viumbe. Matokeo ya namna hiyo hayawezi kuandikwa kwenye bajeti ya mwaka.

Dhahabu, makaa na vimondo visifunike kazi ya maji. Teale alishirikiana na Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyeifahamu Tanganyika kwa miguu kuliko wengi, na mwaka 1935 ripoti yao juu ya matumizi ya maji ya Jimbo la Kaskazini ilitolewa. Katika nchi kavu ya Ugogo, kujua mwamba upi unashika maji kulikuwa na thamani kuliko wakia ya dhahabu. Kisha, mwaka 1936, ikatoka ramani ya muda ya jiolojia ya Tanganyika yote, pamoja na maelezo ya Teale mwenyewe. Iliitwa ya muda kwa unyenyekevu, lakini ndiyo kazi kubwa kuliko zote za kizazi kile. Kwa mara ya kwanza nchi nzima ilionekana kwa pamoja: uti wa kale wa katikati na ukanda wa Ziwa, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, mshipi wa magharibi unaopita Lupa, na ule wa mashariki unaobeba Pare, Usambara na Uluguru.

Huo mshipi wa mashariki ndio unaoigusa Bumbuli, katika milima ya Usambara. Miamba ya Usambara ilipikwa kwa joto na mgandamizo mkali zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, mabara yalipogongana, kisha ikainuliwa na kukatwa kuwa milima inayoonekana leo. Mvua nyingi na joto la muda mrefu vimeuoza mwamba hadi ukawa udongo mwekundu mzito unaolea chai, kahawa na mboga, na pale Magamba, juu ya Lushoto, kuoza huko kumeacha boksiti, mawe ya alumini. Upande wa kaskazini, katika bonde la Umba, rubi na yakuti za rangi nyingi zilianza kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Dhahabu haikutarajiwa sana. Kwa miongo mingi wataalamu waliamini kwamba makao yake ni ukanda wa Ziwa na Lupa, na kwamba mashariki ni nchi ya vito. Imani hiyo ilikuwa na sababu zake nzuri, ingawa baadaye ilibidi irekebishwe.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia idara ilipanuka. Nchi iligawanywa katika karatasi za robo digrii, na kila karatasi ikachorwa kwa kipimo cha 1:125,000. Mwaka 1956 Quennell, McKinlay na Aitken walitoa muhtasari wa jiolojia ya Tanganyika, kitabu ambacho wanafunzi wamekifungua hadi kurasa zikalegea. Mwaka 1960 mjiolojia kijana wa idara, J. B. Dawson, alipanda Oldoinyo Lengai na kukuta volkano inayotapika lava ya magadi, nyeusi ikitoka na nyeupe baada ya kukutana na unyevu wa hewa, ambayo mfano wake haupo katika volkano nyingine yoyote hai. Alipochapisha habari hizo mwaka 1962, wapo waliosita kuziamini. Mlima wenyewe umezithibitisha mara nyingi tangu hapo.

Uhuru ulileta wajibu mpya wa kuwaandaa wataalamu wazalendo. Mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita ulifungwa mwaka 1966, tanzanaiti ikajitokeza Mererani mwaka 1967, Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, likaundwa mwaka 1972, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanza kufundisha jiolojia mwaka 1974. Kati ya 1977 na 1980 nchi ilipimwa kwa ndege, kazi ambayo takwimu zake zilitumika kwa miaka mingi baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchumi uliibana kila idara ya Serikali, na safari za porini zikapungua. Watumishi waliobaki na makabati yao wanastahili shukrani kwa hilo.

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. Sera ya Madini ilitoka mwaka 1997 na sheria mpya mwaka 1998. Migodi mikubwa ikafuatana: Golden Pride ya Nzega, Geita, Bulyanhulu, North Mara, Buzwagi. Mwaka 2005 idara ikawa Wakala wa Jiolojia Tanzania. Wataalamu wake walikwenda Kagera baada ya tetemeko la Septemba 2016, na Hanang baada ya maporomoko ya Desemba 2023. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yaliupa Wakala huo hadhi ya taasisi chini ya Wizara ya Madini. Masoko ya madini yalifunguliwa kuanzia mwaka 2019.

Usambara nayo iliingia katika historia ya dhahabu, kwa mlango mgumu. Mwaka 2003 na 2004 dhahabu ilipatikana Sakale, karibu na Amani, na maelfu ya watu wakaivamia mito ya msitu ambao tangu 1997 ulikuwa hifadhi ya mazingira asilia. Mto Sigi hulijaza bwawa la Mabayani, linalowanywesha watu wa Tanga, kwa hiyo hatari haikuwa ya miti peke yake. Serikali iliwaondoa wachimbaji. Miaka michache baadaye ugunduzi wa Magambazi, upande wa Handeni, ulionyesha kwamba mshipi wa mashariki unaweza kuwa na dhahabu ya mwamba ya kiasi kikubwa. Anayeishi Bumbuli na kuona chembe ya njano kwenye karai anajua sasa kwamba si ndoto. Anajua vilevile kwamba vyanzo vya maji vya milima hii vina wenyewe wengi huko chini.

Taasisi ilitimiza miaka 100 mwaka 2025. Karatasi za robo digrii ni 322, na kazi ya kuzikamilisha na kuzirudia kwa vipimo vipya inaendelea. Upimaji wa kina kwa ndege ulikuwa umefikia asilimia 16 tu ya nchi wakati lengo la asilimia 50 ifikapo mwaka 2030 lilipowekwa, katika mpango uitwao Madini ni Maisha na Utajiri. Maabara ya Dodoma inaendelea kupima sampuli za wachimbaji wadogo, na makumbusho yake huonyesha mawe ya kila pembe ya nchi. Mwenye jiwe asilolielewa hulipeleka kwenye maabara hiyo akieleza lilikookotwa, na hupewa majibu ya kilichomo.