Kujumlisha au Kujumuisha?

Sensa ya Marekani ya mwaka 1890 ilihusu watu zaidi ya milioni 62. Mashine za Herman Hollerith zilihesabu kadi zilizotobolewa, na taarifa za watu hao zikawa majedwali. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce walieleza lugha ya SEQUEL, baadaye SQL, ambayo kwayo hifadhidata huulizwa idadi, jumla, wastani, thamani kubwa kabisa na ndogo kabisa ya kila kundi.

Je, maulizo hayo tuyaite ya 'kujumlisha'? La. Jumla ni moja tu kati ya hayo matano. Thamani kubwa kabisa hupatikana kwa kulinganisha, na idadi kwa kuhesabu. Jina hilo litampotosha mwanafunzi. Twapendekeza 'kujumuisha', yaani kukusanya vingi pamoja: tendo hilo huyatangulia yote.