Tezi Iliyohukumiwa Kabla ya Kujulikana

Nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo, ipo tezi iitwayo thaimasi. Kwa karne nyingi wanazuoni hawakujua kazi yake. Kutojua si kosa. Kosa ni kutoa hukumu kabla ya kujua.

Madaktari wa Ulaya wa karne ya 19 walijifunza umbile la mwili kwa kupasua maiti. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1832 iliruhusu maiti zisizo na wenyewe, nyingi zikitoka katika nyumba za kutunzia maskini, zitumiwe kwa mafunzo. Lakini thaimasi husinyaa mtu anapougua kwa muda mrefu au kukosa chakula. Hivyo tezi ndogo ya aliyedhoofika ikahesabiwa kuwa ndiyo ya kawaida. Mtoto mwenye afya alipofariki ghafla, tezi yake ilionekana kubwa mno, ikashutumiwa kwamba ndiyo iliyomuua. Katika karne ya 20, hususan Marekani, maelfu ya watoto walipigwa mionzi kifuani ili tezi hiyo isinyae. Kuanzia mwaka 1950 madaktari walianza kuihusisha mionzi hiyo na saratani ya tezi ya shingoni.

Mwaka 1961 Jacques Miller, akitafiti London, alieleza yaliyowapata panya walioondolewa thaimasi mara baada ya kuzaliwa. Walipungukiwa limfosaiti, waliugua upesi, na walipobandikwa ngozi ya panya wa nasaba nyingine hawakuikataa. Kumbe tezi iliyodharauliwa ndiyo chuo cha askari wa kinga.

Mtihani wa chuo hicho ni mkali. Seli changa hutoka katika uboho, huingia thaimasi, na huko huonyeshwa vipande vya protini za mwili wenyewe. Isiyotambua chochote hufa. Inayoung'ang'ania mwili wenyewe kwa nguvu huangamizwa, au hugeuzwa kuwa mtuliza ghasia. Wengi hawafuzu. Mwaka 1987 maabara ya John Kappler na Philippa Marrack ilionyesha uondoaji huo ukitendeka. Jeni iitwayo AIRE, iliyotambuliwa mwaka 1997, huiwezesha tezi kuonyesha hata protini za viungo vya mbali, ikiwemo insulini ya kongosho. Jeni hiyo ikiharibika, kinga hushambulia viungo vya mwenyewe. Nao utafiti wa watuliza ghasia ulimpatia Shimon Sakaguchi, pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell, Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025.

Wapo watakaotaka kuigeuza habari hii kuwa hoja ya kuwafukuza wageni katika taifa. Siafikiani nao: taifa si mwili, na raia si seli. Fundisho ninaloliona ni jingine. Walioumizwa na umaskini wakifanywa kipimo cha ukawaida, wenye afya wataitwa wagonjwa, na tiba yenyewe itadhuru. Kwa hiyo kila jedwali la takwimu linalofika mezani pa mtumishi wa umma lisomwe kwa swali moja la kwanza: waliopimwa ni akina nani?