Ngazi za Outeniqua

Agosti 1996, Mobutu Sese Seko, aliyeitawala Zaire tangu 1965, alipasuliwa tezi dume mjini Lausanne, Uswisi. Ilikuwa saratani. Akiwa bado Ulaya vita vikalipuka mashariki mwa nchi yake: Uvira ikatekwa Oktoba, zikafuata Bukavu na Goma. Alirudi Kinshasa Desemba, na jeshi lake lilikuwa likikimbia.

Tarehe 4 Mei 1997, Nelson Mandela aliwakutanisha Mobutu na Laurent Kabila ndani ya Outeniqua, meli ya Afrika Kusini iliyotia nanga Pointe-Noire. Mobutu hakuweza kupanda ngazi za meli. Ikabidi atengenezewe njia ili gari lake limwingize ndani. Siku 13 baadaye Kinshasa ikaanguka, na Septemba 7 akafia Rabat, Morocco, akiwa na miaka 66.

Baba yangu anaikumbuka habari hiyo kwa sababu ya samaki. Wakati huo alikuwa akileta migebuka Sumbawanga kutoka Kasanga, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ndiko kulikokuwa kunawaka. Kuhusu ugonjwa wa Mobutu, anasema, vijiweni Malangali watu walicheka tu: ugonjwa wa wakubwa, wa kula nyama nyingi.

Mwaka huu majibu yake yalitoka Mbeya. Alikuwa akiamka usiku mara tano kwenda haja ndogo, mkojo ukitoka kwa matone, akasema ni uzee. Kipimo cha damu kilikuwa juu, wakakata kinyama kwenye tezi, na daktari akatuambia bila kuzunguka kwamba ni saratani na imeshatoka nje ya tezi. Akataja njia mbili za kuizuia, pamoja na mionzi: sindano kila baada ya miezi mitatu, au kuondolewa korodani, mara moja tu.

Baba alinyamaza tangu Mbeya hadi Tunduma.

Nyumbani nilimweleza habari za Charles Huggins wa Chicago, ambaye mwaka 1941 alionyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni za kiume, na ukizikata hunywea. Ndiyo iliyompa Nobeli mwaka 1966. Sindano na kisu hufanya kazi ileile. Baba alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza sindano ni shilingi ngapi. Nilipomtajia, akasema, "Basi mwanangu, hapo hakuna njia mbili." Mama akasema wanawe wote wameshazaliwa, korodani ni za nini tena. Akacheka mwenyewe. Baba hakucheka.

Nilichokuwa nacho cha kumpa ni Mandela. Novemba 1985, akiwa bado mfungwa, alipasuliwa tezi iliyovimba katika hospitali moja ya Cape Town, na Kobie Coetsee, waziri wa sheria wa makaburu, akaenda kumjulia hali. Mazungumzo yaliyomtoa gerezani yalianza kufunguka kutokea pale kitandani. Naona ajabu kwamba vitabu vingi huipita tezi ile haraka, kana kwamba ni aibu kuwemo katika historia. Kisha Julai 2001, miaka minne baada ya Outeniqua, yule mpatanishi naye akakutwa na saratani ileile. Hakuificha. Alipigwa mionzi, akaishi hadi 2013.

Sikumficha Baba kwamba ya Mandela iliwahiwa.

Mionzi yetu itakuwa Ocean Road, Dar es Salaam, hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897 na kuwa taasisi ya saratani mwaka 1996, mwaka uleule wa Lausanne. Ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi. Shangazi wa Mbagala ameshatenga chumba, maharage yameuzwa, karatasi ya rufaa iko ndani ya Biblia ya Mama.

Jana Baba aliniuliza Mandela alipigwa mionzi kwa muda gani.

"Wiki saba, Baba."

Akahesabu kwa vidole, akasema tukiondoka Juni atarudi kabla ya mvua, na mbegu asiuziwe mtu.