Chetezo: Historia na Maana ya Neno la Kale

Katika sakristia nyingi za parokia zetu kipo chombo cha chuma chenye minyororo ambacho watumikiaji wadogo hukiita kwa majina ya kujibunia: "cha moshi", "cha ubani", au "kile cha kubembea". Jina lake ni chetezo, na kwa wingi vyetezo. Ni neno la kale, la ngeli moja na chombo na cheo, na waamini wengi siku hizi hulikuta tu katika Maandiko Matakatifu, aghalabu bila mtu wa kuwaeleza.

Kabla ya kufika altareni, chetezo kilikuwa, na bado ni, chombo cha nyumbani. Katika miji ya pwani ni kijungu cha udongo chenye kikalio chini na kinywa wazi juu. Ndani yake hutiwa makaa ya moto, na juu ya makaa udi au ubani. Nguo hufukizwa, chumba cha maarusi hufukizwa, mgeni hupokewa kwa harufu nzuri. Kwa hiyo wamisionari walioanzisha kazi Zanzibar katika miaka ya 1860, na Bagamoyo mwaka 1868, walikuja kwenye nchi ambayo tayari ilijua kufukiza. Kiswahili hakikulazimika kukopa neno la Kilatini kwa ajili ya chombo hiki, kama kilivyolazimika kwa altare na sakristia.

Lakini hapo hapo ndipo penye ugumu. Chetezo hutumika pia kwa waganga na katika ngoma za pepo. Ndiyo maana si mara moja wala mbili tumeulizwa: "Padre, mganga anafukiza na ninyi mnafukiza, tofauti iko wapi?" Wengine huuliza kwa dhihaka, nao hao hatuwahofii. Wengine huuliza kwa hofu ya kweli, kwa kuwa wameyaacha mambo hayo kwa shida na hawataki kuyakuta tena mbele ya Sakramenti Kuu. Hawa wanastahili jibu, na sehemu kubwa ya jibu imo katika historia ya neno lenyewe.

Neno la Kiebrania ambalo Biblia zetu hulitafsiri "chetezo" katika vitabu vya Walawi na Hesabu ni *mahtah*. Linatokana na kitenzi chenye maana ya kuchota makaa ya moto. Neno hilo hilo hutumika kwa visahani vya kinara cha taa (Kut 25:38) na kwa vyombo vya kuchukulia moto wa altare ya sadaka za kuteketezwa (Kut 27:3). Kwa maneno mengine, chetezo cha Haruni kilikuwa ndugu wa sepetu ya jikoni. Jina lake halikutaja harufu wala moshi. Lilitaja moto, na swali la kwanza kwa aliyekishika lilikuwa: moto huu umeutoa wapi? Nadabu na Abihu, wana wa Haruni, walikufa kwa sababu walitia ndani ya vyetezo vyao moto wa kigeni, ambao Bwana hakuwaagiza (Wal 10:1-2).

Sura ya 16 na ya 17 za kitabu cha Hesabu ndizo ambazo, kwa maoni yetu, kila mtumikiaji angepaswa kusomewa kabla ya kukabidhiwa chetezo. Kora na wenzake wanadai ukuhani. Wanaume 250 wanasimama mbele ya Bwana, kila mmoja na chetezo chake cha shaba, na moto unawateketeza. Vyetezo vyao havitupwi. Eleazari anaamriwa kuvikusanya, navyo vinafuliwa kuwa mabamba ya kufunika altare, kwa maana vilikwisha kuwekwa wakfu. Kesho yake watu wananung'unika, na pigo linaanza. Musa anamwambia Haruni achukue chetezo, atie moto kutoka altareni na ubani juu yake, aende upesi katikati ya mkutano. Haruni, mzee yule, anakwenda mbio. Anasimama kati ya wafu na walio hai, na pigo linakoma, watu 14,700 wakiwa wamekwisha kufa. Chombo ni kile kile na ubani ni ule ule. Wale 250 walikishika ili wajitwalie heshima. Haruni alikishika kwa sababu alitumwa, akawakimbilia watu wale wale waliokuwa wakimnung'unikia.

Wagiriki walikuwa na jina lao, *thumiaterion*, kutoka neno lenye maana ya kufukiza. Walatini walisema *turibulum*, kutoka *tus*, yaani ubani. Mtakatifu Yohane, katika Ufunuo 8:3, anatumia neno jingine kwa chetezo cha dhahabu cha malaika: *libanotos*, ambalo kwa kawaida lilikuwa jina la ubani wenyewe. Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati kidogo. Ubani wetu umetokana na Kiarabu *luban*, nalo lina asili moja na neno hilo la Yohane, pamoja na neno la Kiebrania la ubani, ambalo shina lake ni weupe. Biashara ya utomvu huo, unaochirizika kutoka miti ya Arabia ya kusini na nchi ya Wasomali, ilisafiri kaskazini hadi Yerusalemu na Roma, na kusini hadi pwani yetu. Jina likasafiri na mzigo.

Pamoja na hayo, Wakristo wa kwanza waliutazama ubani kwa mashaka. Katika dola ya Roma, kutupa chembe chache juu ya makaa mbele ya sanamu kulikuwa tendo la ibada kwa miungu. Katika dhuluma ya Kaisari Desio, mwaka 250, waliokubali kufanya hivyo ili kuokoa maisha yao waliitwa *thurificati*, "waliofukiza ubani", na kurudishwa kwao katika ushirika wa Kanisa kulileta mjadala mchungu, ambao Mtakatifu Sipriani, Askofu wa Kartago, alibeba sehemu kubwa ya mzigo wake. Ndugu yetu anayeogopa moshi kwa sababu ya mambo aliyoyaacha angeeleweka vizuri sana katika Kanisa la wakati ule.

Hata hivyo, mji huo huo wa Kartago unatupatia ushahidi wa upande wa pili. Tertuliani, akiandika yapata mwaka 197, anakiri kwamba Wakristo hawanunui ubani kwa ajili ya miungu. Kisha anaongeza, kwa kejeli yake ya kawaida, kwamba wafanyabiashara wa Arabia wasihuzunike, kwani Wakristo hutumia bidhaa zao nyingi zaidi, na za thamani kubwa zaidi, katika kuzika wafu wao. Ubani walioukatalia sanamu waliupatia mwili wa mbatizwa.

Baada ya dhuluma kukoma, chetezo kiliingia kanisani waziwazi. Mhujaji Egeria, aliyekuwa Yerusalemu mwishoni mwa karne ya 4, anasimulia jinsi vyetezo vilivyoingizwa Dominika alfajiri katika pango la Ufufuko, hata basilika yote ikajaa harufu nzuri, na baada ya hapo askofu akasoma Injili ya Ufufuko. Vilikwenda kaburini, mahali ambapo wanawake walifika na manukato yao wakakuta hakuna maiti ya kupaka.

Leo Mwongozo wa jumla wa Misale ya Kirumi (na. 276-277) unaruhusu ubani katika Misa yoyote, bila kuulazimisha. Hufukizwa msalaba na altare, Kitabu cha Injili, mkate na divai, kisha padre, kisha waamini wote. Tunaomba waamini wazingatie hilo la mwisho. Mnaposimama na kuinamishiwa chetezo, hamfukizwi ili kitu kibaya kiwatoke. Mnapewa heshima ile ile iliyopewa altare, kwa sababu ya Ubatizo wenu. Vivyo hivyo kwenye mazishi, padre anapozunguka jeneza na chetezo, hafukuzi roho ya marehemu wala hafungi njia isirudi, kama tulivyowahi kusikia ikinong'onwa makaburini. Anauheshimu mwili uliokuwa hekalu la Roho Mtakatifu na unaongoja ufufuko. Mganga hufukiza ili kuzilazimisha nguvu fulani zifanye jambo. Kanisa halimlazimishi mtu yeyote, bali huomba na kuheshimu.

Kwa hiyo, je, mwamini aweza kuwa na chetezo nyumbani? Aweza. Kufukiza nguo au chumba kwa ajili ya harufu nzuri si dhambi, na familia inayowasha ubani mbele ya msalaba wakati wa sala ya jioni haifanyi kosa. Lakini wapo wanaokuja sakristia baada ya Misa kuomba majivu au makaa ya chetezo wakayaweke mlangoni, au wayachanganye na maji ya kunywa. Hao tunawakatalia, na tunawaomba watumikiaji nao wakatae kwa upole. Katekisimu (na. 2111) inafundisha kwamba kutegemea tendo la nje peke yake, pasipo moyo linaoudai, ni kuangukia ushirikina; na hilo laweza kutokea hata kwa vitu vya altareni. Anayesumbuliwa na hofu nyumbani kwake amwite padre aje abariki nyumba. Tutakuja.

Majivu yakishapoa yamwagwe mahali safi penye udongo, pasipokanyagwa. Na kwa watumikiaji: makaa yawashwe mapema kabla ya maandamano ya mwanzo, yaachwe hadi yawe mekundu ndani na ya kijivu juu. Padre akitia ubani juu ya kaa lililokufa, hata aubariki vipi, hautafuka.